Nondo wa mchicha wa Moa na chupa isiyo na lebo

UKIACHA lami ya barabara ya Tanga kwenda Horohoro na kushika njia ya kuelekea baharini, pua hufika Moa kabla ya macho. Linaanza vumbi, unafuata moshi wa vifuu na makuti makavu, kisha inakuja harufu nzito ya matope ya mikoko maji yanapokupwa. Moa ni kata ya Wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga, kaskazini kabisa mwa pwani ya Tanzania. Ukiendelea mbele unakutana na Jasini, na ng'ambo ya mpaka iko Vanga ya Kenya, ambako familia nyingi za huku zina mashangazi, wajomba na wakwe.

Mgeni akifika hutazama bahari. Ni haki yake, maana ngalawa zinaporudi asubuhi na wanawake wakazingira samaki kwa ndoo na sinia, hakuna kitu kingine cha kutazama. Lakini anayetaka kujua watoto wa Moa wanakula nini azunguke nyuma ya nyumba. Huko uani, baina ya banda la kuku na ua wa makuti, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, kuna matuta mawili matatu ya mchicha. Udongo ni wa mchanga, haukai na maji, kwa hiyo unalishwa samadi ya mbuzi na majivu ya jikoni. Mchicha haudai mengi. Mvua zikinyesha, ziwe za vuli au za masika, unachomoza kwa haraka kiasi kwamba mtoto aliyepanda Jumapili anakwenda kuuchungulia kila siku na kila siku anakuta umeongezeka.

Ni katika matuta hayo anapoonekana mdudu ambaye habari hii inamhusu. Ukipita kando ya tuta, mguu wako ukigusa majani, viumbe vidogo vya rangi ya kahawia huruka hatua mbili tatu, kisha hujitupa tena kwenye majani na kupotea. Wengi huwaita vipepeo tu na kuendelea na shughuli zao.

Asubuhi moja baada ya mvua za vuli, katika ua mmoja wa Moa, binti wa darasa la kwanza alimnasa mmoja kwa kikombe cha plastiki.

"Mama, kipepeo! Ana mkanda mweupe."

"Muache, mwanangu. Vumbi lake likikuingia machoni utapofuka."

Bibi yake, aliyekuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, aliinua kichwa. "Mlete nimwone, mjukuu wangu. Usimkamue."

Tuanze na hilo la vumbi, kwa sababu wazazi wengi wamelelewa nalo. Ule unga unaobaki vidoleni ukimshika kipepeo au nondo ni magamba madogo mno yaliyopangwa juu ya bawa kama vigae vya paa. Rangi zote unazoziona kwa mdudu huyo zimo kwenye magamba hayo. Yakiingia jichoni yanaweza kuwasha kama linavyowasha vumbi la barabarani, na tiba yake ni kuosha jicho kwa maji safi bila kulifikicha. Hayapofui. Mtoto akimaliza kucheza na mdudu anawe mikono kwa sabuni, kama anavyopaswa kunawa akitoka kucheza na kitu chochote.

Huyo aliyekuwa ndani ya kikombe hakuwa kipepeo. Alikuwa nondo. Neno hili limepata shida katika Kiswahili cha leo, maana ukilitamka mjini watu hufikiria chuma cha kumwagia zege, na vijana hufikiria hoja nzito. Lakini nondo wa asili ni huyu, ndugu wa kipepeo, anayependa zaidi giza na taa. Namna rahisi ya kuwatenganisha ni kutazama papasi, ile miwili inayotoka kichwani. Za kipepeo huishia na kirungu kidogo kwenye ncha. Za nondo wa mchicha ni nyembamba kama uzi kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Jina lake la kisayansi ni Spoladea recurvalis. Aliyemwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi ni Johan Christian Fabricius, mtaalamu wa wadudu kutoka Denmark na mwanafunzi wa Carl Linnaeus, mwaka 1775. Hiyo ni zaidi ya karne moja kabla Wajerumani hawajajenga kituo chao cha utafiti wa viumbe na kilimo kule Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902. Sehemu ya pili ya jina, recurvalis, inatokana na Kilatini chenye maana ya kitu kilichopinda kurudi nyuma, na ukiutazama mstari mweupe wa bawa lake la mbele utaelewa.

Mzazi mwenye simu anaweza kumtambua bila kitabu. Nondo huyu akitua hukunjua mabawa yake yakalala bapa, pembetatu, kama kijitiara kilichoanguka juu ya jani. Akiyakunjua hivyo, kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine ni milimita 22 hadi 24, yaani sentimita mbili na ushei. Rangi ni kahawia iliyokoza, karibu na ile ya kahawa iliyokaangwa vizuri. Juu ya kahawia hiyo umekatiza mkanda mweupe, safi, kwenye bawa la nyuma, na unapotazama kutoka juu unaungana na mkanda mwingine wa bawa la mbele, hadi mdudu mzima anaonekana kama aliyefungwa utepe. Karibu na ncha ya bawa la mbele kuna kipande kingine kifupi cheupe. Pindo la mabawa lina madoadoa meupe na kahawia, na tumbo lina pete nyembamba nyeupe. Piga picha ukiwa juu yake, asubuhi kabla jua halijawa kali, na uweke sarafu pembeni ili ukubwa wake uonekane. Picha ya ubavuni haisaidii sana, maana mikanda ndiyo inayomtambulisha.

Binti yule alikuwa sahihi tangu mwanzo. Aliona mkanda kabla ya mtu mzima yeyote.

Yuko ndugu yake wa karibu, Hymenia perspectalis, mwenye mikanda myembamba zaidi, naye hula mchicha vilevile, kwa hiyo mama mwenye tuta hana haja ya kuumiza kichwa kuwatenganisha. Yuko pia Udea ferrugalis, mwenye rangi ya kutu, anayejulikana kwa wakulima wa mchicha wa Kenya. Wengine ni wageni kabisa katika kesi hii. Nondo mdogo mwembamba wa kijivu anayekunja mabawa kama paa la nyumba, mwenye umbo la almasi mgongoni, ni wa kabichi na sukuma wiki. Yule mdogo wa rangi ya majani makavu anayetoka ukifungua gunia la mahindi au mtungi wa mchele ni wa nafaka, na shambani humkuti akitafuta mchicha. Mkubwa wa kijivu, anayefikia sentimita tatu na nusu au zaidi, huenda akawa mzazi wa kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kuwatoa jasho wakulima wa mahindi wa nchi hii kuanzia mwaka uliofuata. Wale wadogo wenye manyoya wanaokaa kwenye ukuta wa bafu si nondo hata kidogo. Ni aina ya inzi wanaozaliana kwenye utelezi wa mifereji ya maji machafu.

Dunia ina mambo. Huko Uingereza, nondo huyu wa mikanda ni mgeni adimu anayevushwa na upepo wa kusini, na wapo watu wanaokesha bustanini na taa wakiomba angalau mmoja atue, wakimpata huandika tarehe. Moa anarushwa na ndala.

Wakati bibi akimgeuza geuza nondo ndani ya kikombe, mama alikuwa ameinama kwenye tuta. Majani ya juu yalikuwa na matundu, na mengine yalibaki mishipa mitupu kama wavu uliochakaa. Jirani alisikia malalamiko, akapita upenyo wa ua akiwa na chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, iliyojaa hadi katikati kimiminika cheupe.

"Shoga, unahangaika na nini? Nyunyiza hii. Mume wangu kapewa na mwenzake wa nyanya. Wadudu wote chali."

"Inaitwaje?"

"Dawa tu. Dawa ya wadudu."

Hapa ndipo inafaa kusimama kidogo, kwa sababu lugha yenyewe inatutega. Kiswahili kina neno moja, dawa, kwa sharubati ya kikohozi cha mtoto na kwa kitu kinachoua wadudu shambani. Vyote viwili huitwa dawa, vyote hukaa kwenye chupa, na katika nyumba nyingi vyote hukaa juu ya ukuta ule ule chini ya paa. Kimiminika cheupe katika chupa ya maji, ndani ya nyumba ambamo tui la nazi huchujwa kila siku, hakihitaji bahati mbaya kubwa ili kinywewe. Kinahitaji mtoto mwenye kiu tu.

Hata kama hakuna atakayekunywa, bado kuna mboga yenyewe. Kiuatilifu kilichotengenezwa kwa ajili ya zao fulani kina kipimo chake cha kuchanganya na idadi ya siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna. Kwa baadhi ni siku chache, kwa vingine ni wiki mbili au zaidi. Maelezo hayo yote yako kwenye lebo, na lebo ilibaki kwa mwenye nyanya. Mchicha unaong'olewa huliwa wiki tatu hadi nne tangu kupandwa. Anayenyunyiza leo huenda akachuma keshokutwa, kwa sababu mchuzi wa kesho haungoji. Baadhi ya viuatilifu hubaki juu ya jani na hupungua kwa kuosha, lakini vingine hunyonywa na mmea na kukaa ndani ya jani, na hakuna maji ya chumvi wala kuchemsha kutakakokupa uhakika kwamba vimetoka vyote.

Mtoto wa kilo 12 akila fungu lile lile la mboga analokula baba yake wa kilo 65, kile kilichomo kinaenea kwenye mwili mdogo zaidi ya mara tano.

Bibi hakumjibu jirani moja kwa moja. Alishika jani moja lililokunjwa, akaligeuza.

Ukweli wa nondo huyu uko chini ya jani. Yule mwenye mabawa hali mchicha. Hana meno ya kutafuna, ana mrija wa kunyonya utamu wa maua. Kinacholeta hasara ni watoto wake. Jike hutaga mayai upande wa chini wa jani, kando ya mishipa, moja moja au machache kwa mstari, madogo kiasi cha kuhitaji macho ya mtoto. Baada ya siku nne hivi hutoka viwavi. Wanapokuwa wadogo hukwangua upande wa chini na kuacha ngozi nyembamba ya juu, hivyo jani huonekana lina vidirisha vyeupe. Wakikua hutoboa kabisa. Kisha hufuma nyuzi kama za buibui na kukunja jani, au kuunganisha majani mawili, wakajificha humo na kinyesi chao cheusi cha chembechembe. Kiwavi mwenyewe ni kijani, mwembamba, laini, anang'aa kiasi cha kuonekana alichokula tumboni, na ana mistari myeupe ubavuni. Hufika karibu sentimita mbili. Akikaribia kukomaa hubadilika kuwa wa waridi au mwekundu, akashuka ardhini na kujizika ili awe buu, kisha nondo. Mzunguko wote, kutoka yai hadi nondo mpya, huchukua takriban wiki tatu hadi nne.

Kiwavi huyu haumi wala hawashi. Mtoto anaweza kufundishwa kanuni moja nyepesi: kiwavi mwenye manyoya au miiba asiguswe, awe wa mchicha, wa mkorosho au wa ukutani. Huyu wa kijani hana manyoya yanayowasha, na hata akipita bahati mbaya kwenye sufuria hatamdhuru aliyemla. Hilo halimpendezi mtu, lakini ni vyema lisemwe, kwa sababu hofu ya kumla kiwavi ndiyo inayowafanya wengi wakubali chupa ya jirani.

Sasa linganisha muda. Nondo anahitaji wiki tatu hadi nne ili azaliwe mwingine. Mchicha wa kung'oa unahitaji muda karibu ule ule ili uwe mboga. Maana yake ni kwamba katika tuta lililopandwa kwa pamoja na kung'olewa kwa pamoja, nondo hapati nafasi ya kujaza kizazi cha pili, isipokuwa ardhi ikiachwa bila kugeuzwa na mabuu yaliyozikwa yakabaki salama. Palipong'olewa pakilimwa mara moja kwa jembe, mabuu hutoka juu, na kuku wa Moa hawana haja ya kualikwa. Shida huwa kwenye tuta la kuchuma majani, ambalo hudumu miezi, na kwenye magugu. Mchicha wa miiba unaojiotea kando ya ua ni wa ukoo ule ule na humlisha nondo huyu hata wakati tuta halina kitu. Anayepalilia tuta na kuuacha mchicha wa miiba ukutani anafuga.

Kuona nondo wa mikanda wakiruka, kwa hiyo, ni kama kupewa taarifa mapema. Wakiruka leo, ndani ya siku nne tano geuza majani. Viwavi wakiwa bado wadogo, kwenye matuta matatu ya uani, kazi hiyo ni ya robo saa. Jani lenye mayai au lililofumwa linachumwa zima na kutiwa kwenye ndoo ya maji ya sabuni, au wanapewa kuku. Watoto huifanya vizuri kuliko wazazi, wako karibu na ardhi na hawachoki kuhesabu.

Wako wasaidizi wengine ambao hakuna aliyewaita. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1970, kimemchunguza kijinyigu kidogo kiitwacho Apanteles hemara, ambacho hutaga mayai ndani ya kiwavi wa nondo huyu, na mtoto wa nyigu hukua akimla kiwavi kutoka ndani. Hakina hamu na binadamu. Tengeru, Arusha, ambako kituo cha dunia cha mbogamboga kina tawi lake, zimefugwa aina nyingi za mchicha, na watafiti wamezilinganisha ili kuona zipi zinawashinda viwavi. Dawa kali ikimwagwa, wa kwanza kufa ni vijinyigu na buibui, na nondo, aliyebaki kwa wingi kwenye magugu ya jirani, hurudi akakuta uwanja mtupu.

Mwarobaini nao umejaa pwani yote. Mbegu zake zikitwangwa, zikalowekwa usiku kucha na kuchujwa kwa kitambaa, maji yake hupunguza ulaji wa viwavi wengi. Lakini wa asili si lazima awe mpole: mafuta ya mwarobaini yakinywewa na mtoto mchanga yanaweza kumletea degedege na madhara makubwa. Ndoo ya mwarobaini nayo ifunikwe na iwekwe mbali.

Pale ambapo shamba ni kubwa na biashara inadai kiuatilifu, kinunuliwe duka linalotambulika, kikiwa kimefungwa, chenye lebo inayosomeka na kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Chini ya lebo kuna ukanda wa rangi. Nyekundu ni sumu kali kuliko zote, hufuata njano, kisha bluu, na kijani ni ile yenye hatari ndogo ikitumiwa ilivyoelekezwa. Hata asiyejua kusoma anaweza kuuliza rangi. Ofisa ugani wa kata ndiye wa kuulizwa kama zao lako limetajwa humo.

Na mtoto akinywa au akimwagikiwa? Dalili za viuatilifu vingi vikali ni mate na machozi kutoka kwa wingi, jasho, kutapika, tumbo kukata, mboni za macho kuwa ndogo, misuli kutetemeka na kupumua kwa shida. Usimtapishe kwa nguvu. Usipoteze muda ukitafuta maziwa, ingawa vizazi vingi vimeambiwa maziwa huua sumu. Mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, kisha mkimbize kituo cha afya mkiwa na chupa yenyewe. Mhudumu akijua ni sumu gani, tiba huanza mapema. Chupa isiyo na lebo inamnyima hata hilo.

Kuna anayeweza kuuliza kwa nini tuta la mchicha lipewe uzito wote huu. Jibu liko kwenye damu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vina sehemu yao, na chakula kina yake. Mchicha una madini ya chuma, foleti, kalisi na rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na unapatikana nyuma ya nyumba bila nauli. Chuma cha mboga hakinyonywi kwa urahisi kama cha samaki au nyama, lakini kikikutana na limau, chungwa au embe kwenye mlo ule ule hunyonywa zaidi. Chai ya rangi iliyokunywewa pamoja na chakula hufanya kinyume, kwa hiyo ingoje saa moja. Vitamini A inahitaji mafuta, na hapo wapishi wa pwani walitangulia zamani: mchicha wa nazi, na dagaa pembeni, ni sahani ambayo mtaalamu wa lishe angeiandika hivyo hivyo.

Mama anayeliacha tuta kwa kuogopa viwavi, akanunua vitu vya pakiti dukani, amepoteza. Anayelinyunyiza asichokijua amepoteza zaidi. Tatizo la uani Moa lilihitaji mtu wa kugeuza jani na kusema, huyu namjua.

"Haya hapa," bibi alisema, akimwonyesha mkwewe kiwavi wa kijani aliyejikunja ndani ya utando. "Haya ndiyo yaliyokula. Yule wa kwenye kikombe ni mama yao."

"Na dawa ya shoga?"

"Mrudishie kwa heshima. Mwambie tumeshapata wafanyakazi."

Jirani hakukasirika. Aliombwa tu angoje kidogo, na kaka wa yule binti, wa darasa la sita, akabandika kipande cha karatasi kwenye chupa na kuandika kwa wino mwekundu: SUMU. Alitaka kuchora na fuvu, akakosa nafasi. Jirani aliondoka ameishika kwa ncha za vidole, tofauti na alivyokuja nayo kwapani, na baadaye mchana alionekana akimuuliza mumewe mahali pa kuifungia.

Majani ishirini na saba yalichumwa asubuhi hiyo, kwa hesabu ya binti, ingawa alianza upya mara mbili. Kuku walimaliza yaliyokuwa na viwavi kabla hajamaliza kuhesabu. Yaliyobaki mazima yalitiwa kwenye beseni la maji yenye chumvi kidogo, yakatikiswa, yakasuuzwa mara tatu kwa maji ya kisima, yakakatwa. Tui la kwanza liliwekwa pembeni, la pili likachemka na kitunguu. Limau lilitoka kwenye mti wa uani kwao.

Usiku, taa ya sola ilipowashwa barazani, nondo wawili walikuja wakatua ukutani, mabawa yamelala bapa. Binti alisogea hadi pua ikakaribia chokaa.

"Bibi, hawa wana mikanda."

"Basi ukiamka Ijumaa, usisahau kugeuza majani."